Bi Masizi na Nyumba ya Mama Bonge

"Huyo mwanamke unayetaka kumwita," alisema Mama Redio, kibanio cha nguo kikiwa katikati ya meno, "nyumba akishaiosha, inaungua tena."

Aliyasema hayo juu ya uzio huku anaanika shuka, kama mtu anayesema leo kutakuwa na jua. Jina la Mama Redio hakulipata bure. Habari ikiingia masikioni mwake asubuhi, hadi saa sita mchana mtaa mzima umeshaila na kuisahau. Lakini hii hakutaka isahaulike. Alikitoa kibanio mdomoni, akausogelea uzio.

"Nyumba ya fundi cherehani, pale nyuma ya shule. Iliungua mara ya kwanza, ikazimwa. Akaitwa yeye na mabeseni yake na unga wake. Akaosha, akasema tayari, rudini ndani. Siku ya tatu, mwenzangu, moto! Tena mkubwa kuliko ule wa kwanza. Sasa niambie, ulitoka wapi kama si yeye aliyeuleta kwenye beseni?"

"Moto haubebwi kwenye beseni, Mama Redio."

"Haya. Mimi nimesema. Mdomo wangu umemaliza kazi yake."

Aliyeambiwa maneno hayo alikuwa Mama Bonge. Mwenyewe alikuwa mwembamba kama mpini wa ufagio. Bonge alikuwa mwanawe, wa miezi minane, mwenye mashavu yaliyofunika shingo na mikono iliyojikunja kama soseji. Mama Bonge alicheka kidogo ili jirani asione kitu usoni mwake. Kisha akageuka akaitazama nyumba yake, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Ilikuwa Jumatano. Moto ulitokea Jumatatu mchana. Kitambaa cha kufutia vyombo kilianikwa karibu mno na jiko, kikashika, pazia likafuata, na dari ikafuata pazia. Mama Bonge alikuwa chumbani ananyonyesha. Alisikia mlio kama wa mtu anayechana karatasi polepole, akajiuliza nani anachana karatasi jikoni wakati yuko peke yake. Alipofungua mlango hakuona sebule. Alirudi, akachovya shuka kwenye beseni la nepi, akamviringisha mtoto, akafumba macho, akapita ndani ya moshi huku anahesabu hatua. Zilikuwa kumi na moja. Tangu siku hiyo, kila alipofumba macho, miguu yake ilianza kuhesabu yenyewe.

Majirani waliuzima kwa ndoo kabla zimamoto hawajafika. Jiko lilibaki mbavu. Sebule ilikuwa nyeusi kuanzia dari hadi sakafu. Chumba cha kulala hakikuguswa na moto, moshi tu ulipita ukaacha utando mweusi. Yeye, mumewe na mtoto walihamia kwa mama mkwe, kwenye chumba kimoja cha nyuma. Lakini Jumamosi shemeji yake alikuwa anarudi na mke na watoto watatu, na chumba kilikuwa chao. Kwa hiyo Jumamosi ilibidi Bonge alale nyumbani. Bonge alipokohoa Jumanne, walimpeleka kwa muuguzi, naye akamsikiliza kifua na kusema, "Mapafu yake ni mazuri. Ila msimrudishe ndani mpaka moshi uishe. Nimesema uishe, sikusema upungue."

Mama mkwe ndiye aliyesema aitwe Bi Masizi. Walifua pamoja zamani kwenye dobi ya hospitali. "Yule akisugua kitu," alisema, "hata kivuli chake kinatoka."

Akaja. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mfupi, amevaa koti la kiume lililofungwa kamba kiunoni na viatu vya mpira vya rangi tofauti, cha kulia cheusi, cha kushoto kijani. Alisimama katikati ya sebule akizitazama kuta. Kuta zilikuwa na michirizi ya kijivu, kama uso wa mtoto aliyelia na wanja.

"Nani kamwaga maji hapa?"

Mama Bonge akatazama vidole vyake. "Wanawake wa mtaa. Walikuja jana na sabuni na brashi, kunisaidia. Na mimi pia nilisugua."

"Wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Ah! Mnapendana sana mtaa huu. Mmeniongezea kazi ya siku nzima." Akagusa ukuta kwa kidole, kidole kikatoka na tope. "Masizi ni mafuta, mwanangu. Ukiyamwagia maji, unaunywesha ukuta. Masizi yanatolewa yakiwa makavu. Kuna unga?"

"Unga wa kula?"

"Hata ule usiolika."

Hapo ndipo mume alipofaa. Baba Bonge alifanya kazi kwenye kinu cha unga, na wafanyakazi waliruhusiwa kubeba unga wa kufagia sakafuni kwa ajili ya kuku. Jioni ile alirudi na gunia begani, mweupe kuanzia nywele hadi kope, akamkuta mkewe amesimama mlangoni mweusi kuanzia nywele hadi kope. Wakatazamana. "Sisi tukipiga picha," alisema, "haitahitaji rangi." Ilikuwa mara ya kwanza mkewe kucheka kwa moyo tangu Jumatatu.

Bi Masizi aliukanda unga ule kwa chumvi na maji kidogo mpaka ukawa donge gumu, akalikata vipande, akampa Mama Bonge kimoja. "Bonyeza, viringisha, usisugue. Donge likiwa jeusi nje, likande, ugeuze ndani nje." Mama Bonge akabonyeza. Donge lilipobanduka, lilibeba masizi yote, na nyuma yake pakabaki mahali peupe penye ukubwa wa kiganja. Alipatazama mahali pale kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

Walifanya hivyo jioni ile na Alhamisi asubuhi, wakianzia dari. Baada ya hapo ndipo maji ya sabuni yalipoingia, na hayo yakaanzia chini kwenda juu, ili michirizi isitiririke kwenye ukuta mkavu na kuacha alama. Mama Redio alichungulia dirishani mara moja, akaona madonge meusi yamepangwa kwenye gazeti, akaondoka bila kuaga. Kabla ya saa kumi ilishajulikana mtaani kwamba Bi Masizi analisha ukuta.

Kazini Bi Masizi alikuwa mzungumzaji. Alisimulia jinsi alivyofua shuka za hospitali miaka ishirini na miwili, mpaka siku nyumba yake mwenyewe ilipoungua akiwa zamu. Kila mtu alimwambia abomoe. Mzee mmoja mpaka rangi akamwonyesha ujanja wa donge la unga, naye akaosha kuta zake peke yake mwezi mzima, akilala uani chini ya turubai. Zilipokuwa nyeupe, jirani akaja kumwita, kisha jirani wa jirani. Nyumba alizoosha hakuzikumbuka kwa wenyewe. Alizikumbuka kwa kitu kilichopona. "Ile nyumba ya saa," angesema, au "nyumba ya paka," au "nyumba ya kitanda cha chuma."

"Na ya fundi cherehani?" Mama Bonge aliuliza, akijifanya anatafuta kitambaa.

Donge la Bi Masizi likasimama ukutani. "Ile," alisema, "hakikupona kitu." Kisha akahamia pembe nyingine.

Mama Bonge hakusoma zaidi ya shule ya msingi, lakini macho alikuwa nayo. Aliona kwamba kila wanapomaliza ukuta, Bi Masizi huuwekea shavu na kutulia hapo, kama mama anayepima homa ya mtoto. Aliona kwamba walipokuta chini ya meza ya jikoni sufuria ya maziwa yaliyooza tangu Jumatatu, yeye alikimbia nje akitapika, lakini Bi Masizi aliinama juu yake, akakoroga na kijiti, akauliza, "Hiki nini, uji?" Aliona pia kwamba bibi yule huuliza kila mara, "Hapa unasikia harufu gani, mwanangu?" kwa sauti ya mwalimu anayejua jibu. Lakini mwalimu anayejua jibu huwa hakutazami mdomo hivyo.

Alhamisi mchana walipumzika uani. Palikuwa na chupa mbili za plastiki zinazofanana, moja ya maji, moja ya siki waliyokuwa wakiitia kwenye bakuli kila chumba ili inyonye harufu. Bi Masizi akachukua moja, akaifungua, akaileta karibu na pua yake, akainua kichwa na kugugumia mafunda mawili makubwa. Ikamtoka puani. Alikohoa mpaka akapiga magoti, machozi yakatengeneza njia mbili nyeupe usoni.

"Mama! Mama, hukusikia harufu?"

"Haraka tu," alisema Bi Masizi akifuta kidevu. "Haraka ya uzee."

Mama Bonge alimpa maji. Lakini chupa ilipita chini ya pua yake kabisa. Siki ile ilikuwa kali mpaka nzi walihama uani. Usiku huo alimlaza Bonge kifuani, na usingizi ulipokuja, miguu ilianza kuhesabu.

Ijumaa asubuhi nyumba ilikuwa imependeza. Fundi seremala alishaweka mbao mpya jikoni. Kuta za sebule zilikuwa na weupe uliochoka, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, lakini weupe. Baba Bonge alipita kabla ya zamu yake, akazunguka vyumba vyote akipiga kuta kofi kama anayenunua ng'ombe.

"Safi! Leo jioni nahamisha kitanda."

Mkewe alikuwa amesimama chumba cha kulala, mkono umefunika mdomo. "Baba Bonge. Hapa kuna moshi."

"Uko wapi? Siuoni."

"Siuoni na mimi. Nausikia."

Mumewe akavuta pumzi kwa kelele, kushoto, kulia. "Nasikia sabuni, na siki, na mke wangu. Jana ulisikia moshi kwenye chai. Juzi kwenye nywele za mtoto. Si ndivyo?"

Ndivyo. Hilo ndilo lililomtisha kuliko moshi wenyewe. Tangu Jumatatu pua yake ilikuwa inapiga kelele kila mahali, kwenye mto, kwenye mkate, kwenye basi, mpaka hakujua tena lini inasema kweli. Mumewe akamgusa shavu, akamwachia unga. "Ni hofu, mke wangu. Itapita." Akaenda kazini.

Aliposikia mlango umefungwa, Mama Bonge alijaribu kujisemesha. Ni hofu. Itapita. Lakini harufu za siku zile nyingine zote zilikuwa za sufuria iliyosahauliwa, kavu, za juzi. Hii ilikuwa mbichi, na tamu kidogo, kama nguo iliyoachiwa pasi. Akamwita Bi Masizi. Alimwambia akitarajia kuchekwa.

Bi Masizi hakucheka. Beseni lilimponyoka. Alienda ukutani akaweka shavu, akaenda ukuta wa pili, wa tatu, wa nne, upesi upesi, kama mtu anayetafuta funguo. "Ni baridi," alisema. "Zote baridi. Una hakika? Mwanangu, una hakika?"

"Sina hakika. Mama, wewe je, unasikia nini?"

Kisha Bi Masizi akakaa chini, pale pale sakafuni, koti na viatu vyake.

"Mimi sisikii kitu," alisema. "Mwaka wa tatu huu. Masizi yamekula pua yote. Sisikii moshi, sisikii siki, sisikii hata jasho langu. Kwa fundi cherehani niliambiwa na mtoto wao kwamba kochi linanuka. Nikamwambia ni mambo ya moto, yatatoka. Nikaweka shavu, nikakuta baridi, nikasema rudini ndani. Moto ulikuwa katikati ya sufi, unajipika polepole. Siku ya tatu ukatoka. Hakufa mtu. Yule mtoto mkono wake hauna ngozi mpaka leo."

Mama Bonge alimtazama pale sakafuni. Kwa hiyo Mama Redio alisema kweli. Nyumba yake, na mwanawe wa mashavu, alikuwa amewaweka kwenye mikono ya mtu asiyeweza kujua kama kuna moto. Alitaka kupiga kelele, atoke. Alitaka kumwambia chukua mabeseni yako. Lakini harufu ile ilikuwa bado inamgusa pua, na huyu kwenye sakafu ndiye pekee duniani ambaye hakumwambia ni hofu.

"Inuka, Mama," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Uniambie nitafute wapi."

"Funga dirisha. Funga mlango. Usitembee haraka, upepo utakuchanganya. Fumba macho."

"Macho siwezi."

"Basi tazama miguu yako. Piga hatua moja, vuta pumzi ndogo ndogo kama mtoto anayenusa titi la mama. Inaongezeka au inapungua?"

"Inapungua."

"Rudi. Upande mwingine."

Walikwenda hivyo, mmoja akitazama miguu, mwingine akimtazama mdomo. Kwenye kabati, inapungua. Kwenye dirisha, haipo. Kwenye pembe kilipokaa kitanda, inaongezeka. Alipopanda juu ya stuli, harufu ikamjaa puani. "Hapa. Juu. Mama, iko juu ya kichwa changu!"

"Kuna nini juu ya dari?"

"Hakuna kitu. Ni dari tu." Kisha akakumbuka. Mumewe alikuwa amekataa kutupa godoro lao la pamba, lile waliloanzia maisha. Alilikunja kama chapati, akalifunga kamba na kulisukuma juu ya dari kupitia jikoni, mwaka jana.

Bi Masizi alipanda ngazi na nyundo mkononi. Alibandua ubao mmoja. Hapakutoka moshi, ila ule utamu ulishuka kama maji. Akaingiza mkono, akalishika godoro. "Nje ni baridi kabisa," alisema kwa sauti ndogo. "Shavu lingenidanganya tena." Wakabandua mbao mbili zaidi, wakalivuta likaanguka sakafuni, wakaliburuta kupitia sebule nyeupe hadi uani. Mama Bonge alivuta kamba akilia bila kujua analia, akihesabu kumi, kumi na moja.

"Simama nyuma. Ndoo iko wapi? Simama nyuma, nimesema!"

Bi Masizi alikata kamba kwa kisu, akachana godoro katikati. Moyo wake ulikuwa mwekundu, mpana kama sahani. Upepo ulipougusa tu, ukavuta pumzi kama kitu kilichoamshwa, na ulimi wa moto ukaruka hadi usawa wa kifua. Mama Bonge akamwaga ndoo ya kwanza. Ya pili. Mama Redio, aliyekuwa tayari juu ya uzio, alipiga yowe moja, akapotea, akarudi mbio na ndoo yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa hakuwa na la kusema. Walimwaga mpaka pamba ikawa uji mweusi, Bi Masizi akaichambua yote kwa mikono, kipande kwa kipande, akiweka kila kimoja shavuni.

Baba Bonge aliporudi jioni na kuelezwa, alikwenda uani akachuchumaa mbele ya uji ule mweusi. Alikaa pale muda mrefu, unga ukimdondoka kichwani. Hakuhamisha kitanda. Alipanda darini na tochi, akapita boriti moja moja, akigusa kila mahali kwa kiganja.

Jumamosi saa nne asubuhi mama mkwe alifika. Bonge alikuwa mgongoni mwake, amelala, shavu limemwagika begani, na mkononi alibeba mfuko wa nepi. "Shemeji yako ameshafika na mizigo yake," alisema. "Haya, mjukuu wangu anaingia au haingii?"

Mama Bonge alimtazama Bi Masizi. Baba Bonge pia alimtazama. Ndiye fundi, na neno lake ndilo lililokuwa likisubiriwa.

Bi Masizi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na mlango, amevua koti. Bila koti alikuwa mdogo sana. Alikuwa ametoa nje bakuli zote za siki na kuzimwaga mbali. Alinyanyuka, akamsogelea Mama Bonge peke yake, akamshika kiganja kwa mikono yake miwili iliyopasuka.

"Dari nimeitazama mara tatu," alisema polepole. "Boriti mumeo amezigusa zote. Lakini neno la kusema rudini ndani, mimi silisemi tena, siwezi. Siki nimeitoa isikudanganye. Najua unaogopa mle ndani mkifungwa. Hata hivyo nakuomba, mwanangu. Ingia peke yako, funga madirisha yote, funga na mlango, ukae mpaka pumzi yako itulie. Unuse kila chumba. Kisha utoke uniambie. Na ukisikia hata chembe, hata kama bibi yake Bonge amechoka kusimama, hata kama unanionea huruma, nakuomba usinifiche."

Mama Bonge akaingia, akaufunga mlango nyuma yake, akaanza kunusa.